Kisanduku Kisicho na Siku

Ukimwuliza mama wa mtu huyu mwanawe anafanya kazi gani, atakwambia, "Anachora." Ukimwuliza anachora nini, atakwambia, "Anachora kazi za watu." Hapo ujue umefungua bomba, utaelezwa mpaka ujute kuuliza. Lakini mama wa watu hakukosea. Kijana huyu (kijana ni neno la heshima tu, maana mvi zilishaanza kumpigia hodi karibu na masikio) kazi yake ilikuwa kupanga miradi. Hajengi, hapaki rangi, habebi zege. Anamwendea kila fundi na kumwuliza, "Wewe unafanya nini, na kabla hujaanza ni nani lazima awe amemaliza?" Kisha anarudi ofisini na kuchora. Kwa kuwa alikuwa mrefu, mwembamba, na sikio lake la kulia halikukosa penseli hata siku moja, ofisini walimwita Penseli, na nadhani hata mkurugenzi wake alishasahau jina alilopewa na wazazi.

Mama naye alikuwa na lake. Sokoni walimwita Mama Vifungo. Tangu ujana wake aliuza vifungo, zipu, nyuzi na lastiki kwenye meza iliyopakana na safu ya mafundi cherehani. Vifungo vilikaa kwenye makopo ya maziwa, kopo moja rangi moja. Fundi akipungukiwa hakuinuka hata kwenye kiti. Alipaza sauti tu, "Mama Vifungo, kahawia, cha matundu manne!" Kopo likatikiswa, kifungo kikarushwa, kikadakwa. Kwa vifungo hivyo Penseli alisoma mpaka akamaliza chuo. Mama hakuwa mtu wa masimango, ila hilo alilisema kila alipopata nafasi, na asipoipata aliitafuta.

Meza ya pili yake ilikuwa ya Bi Sufuria, muuza vyombo. Wawili hawa walianza biashara wakiwa wasichana, wakazeeka bega kwa bega. Asubuhi wakigombana juu ya nani kamwagia nani maji ya kufagilia, mchana wanakula sahani moja. Mmoja akienda kujisaidia, mwingine anamuuzia. Mmoja akifiwa, mwingine anafunga meza zote mbili. Kwa kifupi, walikuwa chanda na pete.

Basi soko lile likachoka. Paa likavuja, mtaro ukaziba, mvua ikinyesha wauzaji wanapandisha bidhaa juu ya meza na kukunja nguo hadi magotini. Wakubwa wa mji wakakata shauri libomolewe, lijengwe jipya. Usimamizi ukapewa ofisi ya akina Penseli, na mpango wa kazi akapewa Penseli mwenyewe. Siku aliyomwambia mama yake, mama alitikisa makopo yote kwa pamoja hadi mafundi wakasimamisha cherehani wakidhani kuna mwizi.

Chuoni Penseli alifundishwa na mwalimu mmoja mkali aliyekuwa akisema, "Usianze na kalamu, anza na swali. Ukiulizwa lini, chora mistari. Ukiulizwa nini kinasubiri nini, chora mishale. Ukiulizwa kwa nini mambo yameharibika, chora mifupa ya samaki, lakini hapo ujue umeshachelewa." Wanafunzi walicheka. Penseli aliyaweka moyoni.

Kwa hiyo hakuanza na kalamu. Alizunguka soko zima na fundi bomba, fundi zege na fundi paa, akiuliza. Kila alipouliza, majibu yalimrudisha mahali pamoja: katikati ya soko palisimama nguzo ya umeme, kubwa, imebeba transfoma inayolisha mtaa mzima. Mtaro mpya lazima upite chini yake. Sakafu haiwezi kumwagwa kabla ya mtaro. Paa haliwezi kuinuliwa kabla ya sakafu. Meza hazipangwi bila paa. Na wauzaji hawarudi bila meza. Nguzo isipotoka, hakuna kinachotoka. Na nguzo haikuwa ya soko wala ya mji, ilikuwa ya watu wa umeme. Alipowauliza wataihamisha lini, walimjibu, "Tutawajulisha."

Penseli akachora mishale. Karatasi ikajaa visanduku, kila kimoja kina jina la kazi na idadi ya siku zake, na kutoka kila kimoja mshale unakwenda kwenye kile kinachokisubiri. Ukitazama vizuri unaona mishale yote mikubwa imetokea kwenye kisanduku kimoja. Ndani yake aliandika "Kuhamisha nguzo". Mahali pa siku aliacha wazi, kwa sababu hakuzijua, na aliona ni heri watu waone kwamba hazijulikani. Aliupenda mchoro ule. Kama kuna kitu alichowahi kukichora kikasema kweli tupu, ni ule.

Akaupeleka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi wake alikuwa mtu wa kucheka, mwenye simu mbili zisizonyamaza, na wala hakuwa mtu mbaya. Aliitandaza karatasi juu ya meza ya kioo, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Penseli, hii nini? Utando wa buibui?"

"Ni mishale, bosi. Inaonyesha nini kinasubiri nini."

"Mimi wakubwa wangu hawaniulizi nini kinasubiri nini. Wananiuliza soko litafunguliwa lini. Nichoree ile ya mistari ya rangi. Tarehe juu, kazi pembeni, kila kazi mstari wake. Mtu anatazama mara moja, anaelewa, anakwenda zake kunywa chai."

"Ile inafaa, bosi, ila mstari lazima uwe na urefu. Nguzo sijui urefu wake."

"Weka wiki mbili."

"Nani amesema wiki mbili?"

"Mimi! Nguzo moja, Penseli. Nguzo moja! Kwani wanang'oa mlima?"

Simu moja ikalia, kisha ya pili, na mazungumzo yakafia hapo. Penseli alisimama kidogo, akitazama mgongo wa bosi wake uliogeukia dirisha. Angeweza kukataa? Angekataa, angechora mwingine, na huyo mwingine pengine asingejua hata kwamba kuna nguzo. Ndivyo alivyojiambia akishuka ngazi. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Akachora mistari. Haki ya Mungu, ilipendeza. Nguzo ilikuwa njano, kijistari kifupi kama njiti ya kiberiti, wala huwezi kukiona mpaka ukitafute. Mtaro kijivu, sakafu bluu, paa nyekundu, na mwisho kabisa, chini kulia, mstari mnene wa kijani: "Wafanyabiashara kurudi." Hakuna mshale hata mmoja. Kila rangi imelala kwenye tarehe zake, haina habari na mwenzake. Wakaichapisha kwa ukubwa wa mlango, wakaibandika kwenye ubao langoni mwa soko.

Mama Vifungo aliisimamia ile chati kama aliyeizaa. Kila mteja alipelekwa akaione. Fundi cherehani mmoja alipelekwa mara tatu, na mara ya tatu alisema anaumwa mguu.

Lakini wauzaji hawakutaka kuhama. Walikuwa wametengewa kiwanja nyuma ya karakana ya magari, mbali na barabara, wakae huko mpaka soko liishe. Aliyepinga kuliko wote alikuwa Bi Sufuria. "Mimi? Sing'oki," alisema, ameketi juu ya sufuria kubwa kuliko zote. "Ukitolewa umetolewa. Nimekula chumvi nyingi, hayo ya kurudi nayajua." Na wengi walikuwa wakimtazama yeye. Asipohama, hawahami.

Siku moja Penseli alikuwa pale langoni akihakiki tarehe, akaona mama yake anakuja, amemshika Bi Sufuria mkono, anamvuta. Nyuma yao wamefuata wauzaji kama wanaokwenda kuamua kesi.

"Tazama, mwenzangu," mama alisema, kidole juu ya ubao. "Sisi ndio hawa wa kijani. Tunarudi hapa. Umeona? Na huu hajauchora mtu wa kuokotwa, kauchora mwanangu. Mtu hawezi kumdanganya mama yake mzazi." Kisha akageuka. "Baba, hebu mwambie mama yako huyu. Kweli, si kweli?"

Macho yote yakamgeukia Penseli. Bi Sufuria, aliyekuwa akimpa mkate alipotoka shule, alimtazama na yeye, akingoja. Penseli akaona ile njiti ya njano pale ubaoni. Akauona uso wa mama yake, umejaa fahari hadi pomoni. Mdomo ulifunguka kusema jambo moja, ukatoa jingine.

"Ndiyo mpango wenyewe, mama."

Na si uongo. Ule ndio uliokuwa mpango. Hebu nitafutie hapo neno la uongo, hulipati. Bi Sufuria akashusha pumzi, akasema, "Haya, kama umeapiwa na damu yako, na mimi nahama." Siku iliyofuata soko zima likahama.

Kule nyuma ya karakana maisha yakawa ya kubangaiza. Mafundi cherehani hawakutoshea, wakasambaa kwenye varanda za mitaani, kila mtu na kona yake. Sasa fundi akikosa kifungo ananunua duka la karibu. Mama Vifungo alipanga makopo yake kwa rangi kama kawaida, akakaa. Hakuna aliyepaza sauti. Mara nyingine alitikisa kopo mwenyewe, basi tu, asikie mlio. Bi Sufuria akimwona anasema, "Vumilia, mwenzangu, tunahesabu kijani," wote wawili wanacheka.

Penseli naye akageuka mgeni wa kudumu kwenye ofisi ya watu wa umeme. Kulikuwa na dirisha lenye kijitundu cha kusemea, na nyuma yake dada mmoja mpole sana. Upole wake ndio uliomkatisha tamaa.

"Ombi lenu lipo, kaka."

"Najua lipo. Litafanyiwa kazi lini?"

"Linashughulikiwa."

"Na nani?"

"Aliyelishika amesafiri, kaka yangu. Akirudi tutawajulisha."

Angegombana na nani? Na dada wa watu? Alirudi tena, na tena. Mkurugenzi naye alipiga simu kwa wakubwa wa umeme, wakacheka pamoja, wakaulizana hali za watoto, nguzo ikabaki palepale. Nyuma ya dirisha siku moja akamkuta kaka badala ya dada, naye akamwambia ombi lipo.

Wiki mbili za njano zikapita. Asubuhi moja Penseli aliingia sokoni akakuta mashine ya zege inanguruma na vijana wa kazi wanasawazisha sakafu. Wameimwaga pande zote za nguzo, wameizungushia vizuri, wakaijengea na kingo.

"Nyapara! Mnafanya nini?"

Nyapara wa ujenzi, mtu mnene mwenye kofia ndogo, alimshangaa. Alitoa mfukoni nakala ya chati iliyokunjwa, akaikunjua. "Sakafu. Leo si bluu?"

"Na nguzo?"

"Nguzo si ni ya njano? Njano imepita."

"Imepita wapi? Si hiyo hapo!"

Nyapara aliigeukia nguzo, akaitazama kutoka chini hadi juu kwenye transfoma, kana kwamba ndiyo inayopaswa kujieleza. "Sasa hiyo mimi si yangu," alisema. "Mimi nimepewa bluu."

"Na mtaro? Mtaro unapita chini ya sakafu, ndugu yangu!"

"Mtaro ni kijivu. Fundi bomba alikuja, akaona nguzo, akaondoka. Mimi ningemngoja mpaka lini? Hapa hakuna mahali palipoandikwa nimngoje."

Na kweli hapakuwa na mahali. Penseli aliipokea chati, akaitafuta hiyo sehemu, kama vile hakuichora yeye. Palipaswa kuwa na mshale. Mshale ulikuwa ofisini, umekunjwa juu ya kabati. Akampigia mkurugenzi, akamweleza kwamba sakafu hii itavunjwa yote. Mkurugenzi akasema, "Sasa zege limeshamwagwa tufanyeje? Waendelee. Angalau wakubwa wakipita waone kazi inakwenda." Zege likaendelea kumwagwa, Penseli akatazama, maana hakuwa na la kufanya na mikono yake ilikuwa haina hata koleo.

Ikafika siku ya kijani. Bi Sufuria hakumwuliza mtu. Alifunga sufuria zake kwa kamba, akakodi mkokoteni, akaondoka kifua mbele, na wengine wakamfuata na mizigo yao. Langoni wakamkuta mlinzi anachokonoa meno. "Hakujafunguliwa," alisema. Bi Sufuria akachungulia kwenye tundu la uzio wa mabati. Aliona sakafu kubwa, tupu, haina paa wala meza, na katikati nguzo ya umeme imesimama, ndege wametua juu yake. Alichungulia kwa muda mrefu, akawapisha wengine nao wachungulie.

Aliporudi kule nyuma ya karakana, alipita mbele ya meza ya Mama Vifungo. Mama alikuwa ameshafunga makopo yake kwenye khanga, anangoja zamu ya mkokoteni. "Mwenzangu, vipi?" aliuliza. Bi Sufuria akaenda zake mezani. Alishusha sufuria moja moja, akazipanga upya, akaweka meza yake ikiipa mgongo ya mwenziwe. Tangu walipokuwa wasichana hakuwa amewahi kufanya hivyo.

Wengine hawakununa, wao walitania, na utani ulichoma zaidi. Hawakumwita tena Mama Vifungo. Walimwita Mama Mstari. "Mama Mstari, leo rangi gani?" "Mama Mstari, tupake kijani turudi." Mama alicheka nao mwanzoni, ndiyo tabia yake. Baadaye akawa anatabasamu tu. Baadaye akawa anachelewa kufika sokoni, yeye aliyekuwa akiwaamsha majogoo.

Ofisini nako kikao kikaitwa. Mkurugenzi akasema, "Hapa hatutafuti mchawi, tunatafuta chanzo," akampa Penseli kalamu achore mifupa ya samaki. Penseli akachora kichwa cha samaki ubaoni, akaandika ndani yake, "Soko halijafunguliwa." Akachora mifupa. Watu wakaanza kutaja: mvua, vifaa, watu wa umeme, mafundi kutosikilizana. "Mawasiliano!" alisema mkurugenzi, na wote wakaitikia kwa vichwa. Mawasiliano ni neno zuri, halina mwenyewe. Ukaongezwa mfupa mnono wa mawasiliano. Penseli alisimama na kalamu mkononi akimngoja mtu aseme, "Wiki mbili zilitoka wapi?" Akajingoja na yeye mwenyewe aseme. Samaki akakamilika, akapigwa picha kwa simu, wakaenda kula.

Jumapili Penseli alikwenda kwa mama yake. Mama aliishi kwenye chumba na sebule, na makopo ya vifungo yalikuwa yamerudi nyumbani, yamepangwa chini ya dirisha. Mama alimkaribisha, akamwekea chai, akamwuliza habari za wajukuu. Kisha akasema, "Ule wa rangi naujua kwa moyo. Nionyeshe ule unaokaa nao wewe. Uliniambia kuna wa mishale."

Penseli alikuwa nao. Siku hizo alitembea nao kwenye mkoba, hata hakujua kwa nini. Akautandaza mezani, mama akaukandamiza pembe kwa makopo, kahawia, nyeupe, nyeusi, bluu. Akamweleza. "Ninyi mko hapa mwisho, mama. Ili ninyi mrudi, lazima meza. Ili meza, lazima paa." Mama alirudi nyuma na kidole, mshale baada ya mshale, polepole, mpaka kidole kikafika pale mishale yote ilipotokea.

"Hapa pana nini?"

"Nguzo."

"Vingine vyote vina namba. Hiki hukukimaliza?"

"Nilikimaliza, mama. Ndivyo kilivyo. Siku zake hatuzijui."

"Mlijua lini kwamba hamzijui?"

Penseli alitazama chai yake. Angetamani swali lingine lolote duniani. "Tangu mwanzo."

Mama hakuondoa kidole. "Kwa hiyo siku ile pale langoni, nilipokuita."

"Ndiyo, mama."

"Nikakuuliza mbele za watu. Mbele ya mwenzangu."

"Ndiyo."

Alitamani apigiwe kelele. Alitamani atukanwe, atupiwe kopo, akumbushwe ada za shule, chochote. Mama aliondoa makopo pembeni mwa karatasi, moja moja, akaikunja vizuri, akamrudishia. "Kunywa chai yako," alisema, "inapoa." Penseli aliinywa. Aliona haya, akashindwa hata kuomba radhi, kwa sababu radhi aliyoitaka ilikuwa kubwa kuliko mdomo wake.

Wauzaji wakatishia kwamba wataandamana, mkurugenzi akaitisha mkutano kulekule nyuma ya karakana. Alimwagiza Penseli achore chati mpya ya rangi, na Penseli akachora, maana kazi ni kazi. Njano safari hii ilirefushwa kidogo. Lakini moyoni alishakata shauri. Alipoambiwa aeleze, aliiacha ya rangi kwenye mkoba, akasimama mbele ya watu na mishale yake, akaishikilia juu kwa mikono miwili.

Akaeleza yote. Alisema nguzo haijatoka, sakafu itavunjwa, mtaro haujachimbwa. Alisema kile kisanduku kiko tupu na kilikuwa tupu tangu mwanzo, naye alilijua hilo, akanyamaza. Watu walisikiliza, na kwa kitambo kidogo akaona kama mzigo unamtoka.

"Kwa hiyo tunarudi lini?" aliuliza muuza viatu.

"Nguzo ikitoka, ndipo tutahesabu kuanzia hapo."

"Sawa, nguzo itatoka lini?"

"Hatujui."

Mnong'ono ukapita. "Hajui!" mtu alisema nyuma. "Amesoma mpaka chuo, hajui!" Mwingine akasema, "Sisi tumekuja kusikia tarehe, anatuletea utando wa buibui."

Hapo ndipo Mama Vifungo aliposimama. Hakuwa amezungumza hadharani tangu siku ya kijani. "Msikilizeni mwanangu," alisema. "Akisema hajui, ni kweli hajui. Mwaminini."

Kicheko kilichopasuka hapo, jamani, kilitoka kila upande. "Mama Mstari!" muuza viatu alisema huku akifuta machozi. "Si ndivyo ulivyotuambia na kule langoni? Tumwamini? Tumwamini mara ngapi?" Mama alibaki amesimama kidogo, kama anayetafuta neno alilokuwa nalo sasa hivi likapotea. Kisha akakaa. Penseli aliteremsha karatasi yake. Kama kuna mtu aliyekuwa na deni la kuzomewa pale, alikuwa yeye, na waliyemzomea ni mama yake.

Mkurugenzi akainuka, mikono juu, anacheka. "Ndugu zangu, wataalamu wana lugha yao! Mimi nitawaambia kwa lugha yetu." Akachomoa mwenyewe ile chati ya rangi kwenye mkoba wa Penseli, akaitandaza kifuani pake kama shati jipya. "Mwisho wa mwezi ujao! Kijani hicho hapo!" Mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata wote. Walishangilia hadi mafundi wa karakana wakapanda juu ya magari kutazama. Hakuna aliyeuliza tarehe imetoka wapi. Walikuwa wamechoka, na aliyechoka ukimpa kiti haulizi kimetengenezwa kwa mti gani.

Mkutano ukavunjika. Penseli alikuwa akikunja mishale yake alipomwona Bi Sufuria anapenya katikati ya watu, anakwenda moja kwa moja kwenye meza ya vifungo. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Akamkumbatia Mama Vifungo, akamtikisa.

"Mwezi ujao, mwenzangu! Umesikia? Umesikia mwenyewe? Nilikununia bure, mdomo wangu huu. Tusameheane. Tutarudi, mimi na wewe, meza zetu palepale!"

Juu ya bega la rafiki yake, mama alimtazama mwanawe. Alimtazama sana. Penseli akainamia karatasi yake. Bi Sufuria alikuwa bado hajamwachia, anangoja jibu.

"Nimesikia, mwenzangu," mama alisema.